Kuwasha, Kukumbusha, Kufufua na Kukabidhi: Maoni Kuhusu Istilahi za Kuanzisha Upya Programu

1.0 Utangulizi

Historia ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili ni fupi na yenye haraka nyingi. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na mashine hizo zilikuja kuenea maofisini baada ya marufuku hiyo kulegezwa, hasa kuanzia miaka ya 1990. Lugha ilijikuta imepata mgeni aliyekwisha kuingia na kuketi kabla hajaulizwa jina. Matokeo yake yanafahamika: kitu kimoja kiliitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na kila jina likajipatia watetezi wake.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Katika kipindi hichohicho kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuiwezesha Windows kusomeka kwa lugha hii. Kazi hizo zilikuwa kubwa na zilistahili heshima. Hata hivyo, kwa sababu ya asili yake, zilishughulika zaidi na maneno yanayoonekana kwenye kioo: majina ya menyu, ya vitufe na ya madirisha.

Makala haya yanadai kwamba istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimechukuliwa mno kama suala la nomino, ilhali penye uzito ni kwenye vitenzi. Dai hilo linatetewa kwa kutazama eneo moja dogo, nalo ni kuendesha na kuanzisha upya programu kutoka ndani ya hati ya amri. Eneo hili limeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi ya kila siku ya kila anayetunza kompyuta. Pili, neno moja la Kiingereza lililozoeleka katika kazi hiyo linaficha matendo manne yasiyofanana, na Kiswahili kimelipokea neno hilo pamoja na maficho yake.

2.0 Mfano wa Mlandege

Mlandege ni kata mojawapo ya Manispaa ya Iringa. Na ichukuliwe, kwa ajili ya hoja tu, kwamba katika mtaa mmoja wa kata hiyo pana steshenari ya kawaida yenye kompyuta mbili, printa na mashine ya kutoa nakala. Wateja wake wengi ni wanafunzi, kwani mji wa Iringa una Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha. Kijana mmoja aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo amemwekea mwenye duka mfumo wa Linux, kisha akamwandikia hati fupi ya amri. Kazi ya hati hiyo ni kuilinda huduma ya uchapishaji: kila inapozimika, hati inaianzisha tena bila kumsumbua mtu.

Siku moja printa inakaa kimya ilhali kazi zimepanga foleni. Msichana anayehudumia wateja anampigia simu yule kijana, naye anajibu kwa neno ambalo kila mtu analijua: "Dada, irestati tu." Msichana anabonyeza kitufe cha kuzimia kompyuta nzima. Kwenye kioo ilikuwapo sura ya tasnifu ya mteja, ambayo ilikuwa imehaririwa tangu asubuhi na haijahifadhiwa. Kompyuta inawaka, printa inachapa, lakini kazi ya asubuhi nzima imepotea.

Kosa hilo ni la nani? Msichana ametii alichoambiwa. Kijana alikuwa na maana sahihi kichwani: alitaka huduma ya uchapishaji peke yake izimwe na kuwashwa, na kompyuta iachwe kama ilivyo. Ni neno lililobeba mzigo usiolingana na nguvu zake. Halikueleza ni kitu gani kianzishwe upya wala kwa njia gani. Mfano huu ni wa kubuni, lakini aliyewahi kufanya kazi karibu na kompyuta katika mji wowote wa Tanzania hatauona mgeni.

Ikumbukwe pia kuwa katika mazingira haya kuwasha upya si jambo la nadra. Bwawa la Mtera, lililopo mpakani mwa mikoa ya Iringa na Dodoma, ni miongoni mwa vyanzo vya umeme wa nchi, na ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, nchi iliingia katika mgao mkali wa umeme mwaka 2006 na tena mwaka 2011. Mtumiaji wa kompyuta wa Nyanda za Juu Kusini amezoea mashine inayokatika katikati ya kazi. Ana uzoefu mpana wa kuzima, kuzimika na kuwasha, na lugha yake imeuhifadhi uzoefu huo. Pengo liko kwa wanaounda istilahi, ambao hawajaenda kumwuliza.

3.0 Ganda, kiini na hati

Kabla ya kufika kwenye vitenzi, dhana chache hazina budi kuwekwa wazi. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na kuhifadhiwa. Programu hiyo inapoendeshwa huitwa mchakato, na kila mchakato hupewa namba yake. Kwa hiyo programu moja inaweza kuwa na michakato mingi kwa wakati mmoja, kama wimbo mmoja unavyoweza kuimbwa na kwaya tatu katika makanisa matatu.

Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayogawa kumbukumbu na zamu, inafaa kuitwa kiini. Sehemu ya nje inayopokea amri za mtumiaji na kuzifikisha kwenye kiini inafaa kuitwa ganda. Jozi hii haihitaji kubuniwa: kila aliyepasua yai anaijua. Ganda la kwanza la mfumo wa Unix liliandikwa na Ken Thompson mwaka 1971, lile la Stephen Bourne likatoka mwaka 1979, na Bash, lililoandikwa na Brian Fox, likafuata mwaka 1989. Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na leo kimo ndani ya kila simu ya Android. Mkazi wa Mlandege mwenye simu ya aina hiyo anatembea na kiini hicho mfukoni.

Hati ya amri ni faili lenye amri zilizopangwa kwa mfuatano, ambazo ganda huzisoma na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Hati ya yule kijana inaweza kuelezwa kwa Kiswahili hivi: "Iendeshe huduma. Ikimaliza salama, acha. Ikizimika kabla ya kumaliza, subiri sekunde 5, kisha iendeshe tena." Maelezo hayo hayana neno hata moja linalohitaji ufafanuzi, na aliyeyaelewa ameielewa hati.

4.0 Matendo manne chini ya neno moja

Inaposemwa kwamba programu imeanzishwa upya, lolote kati ya mambo manne laweza kuwa limetokea.

Jambo la kwanza ni kuizima na kuiwasha. Mchakato wa zamani unakoma, na wa pili unazaliwa na kupewa namba nyingine. Chochote ambacho mchakato wa kwanza ulikuwa umekishika kichwani bila kukihifadhi kinapotea. Kwa tendo hili istilahi ya mtaani inatosha: kuzima na kuwasha. Vitenzi hivi vimekwisha kuhama kutoka kwenye moto na taa hadi kwenye gari, redio na simu, na hakuna sababu ya kuvizuia visifike kwenye mchakato.

Jambo la pili ni kuifanya programu isome upya mipangilio yake bila kusimama. Programu nyingi za kutoa huduma hufanya hivyo zinapopelekewa ishara namba 1. Asili ya ishara hii inavutia: mwanzoni ilikuwa na maana kwamba simu iliyomwunganisha mtumiaji na kompyuta imekatwa. Programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia hazina simu ya kukatiwa, hivyo ishara hiyo ikapewa kazi nyingine kwa mazoea. Kwa tendo hili linapendekezwa neno kukumbusha. Mchakato ni uleule na namba ni ileile, wala wateja waliokuwa wakihudumiwa hawaondolewi. Ni kama mtumishi anayekumbushwa utaratibu mpya akiwa kazini, bila kufukuzwa na kuajiriwa tena.

Jambo la tatu ni kuirejesha programu iliyokufa yenyewe. Hapa hakuna kuzima, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuzimwa. Neno kufufua linafaa, na Kiswahili cha kawaida kinalitumia kwa mashirika, viwanda na magari mabovu. Kufufua kuna hatari zake, ambazo neno lenyewe linazidokeza. Programu inayokufa mara tu inapowashwa itafufuliwa na kufa mamia ya mara kwa dakika ikiwa hati haina agizo la kusubiri. Ndiyo sababu systemd, msimamizi wa huduma aliyeanza kutumika katika Linux mwaka 2010, kwa kawaida hukata tamaa endapo huduma imewashwa mara 5 ndani ya sekunde 10. Baada ya hapo anataka binadamu aje kuchunguza.

Jambo la nne ni gumu zaidi kulieleza kwa Kiingereza, na ni jepesi kwa Kiswahili. Kwa amri iitwayo exec, programu inayoendeshwa huiachia programu nyingine nafasi yake. Namba ya mchakato haibadiliki. Anayebadilika ni mwenye kuikalia. Wanafunzi wengi hudhani kuwa programu ya kwanza inaiita ya pili na kungoja irudi. Sivyo: amri hiyo ikifaulu, ya kwanza haipo tena, na mistari iliyofuata katika hati haitasomwa kamwe. Katika ofisi za umma tendo hili lina jina, nalo ni kukabidhi. Afisa anakabidhi ofisi, ofisi inabaki na mlango wake na namba yake, na aliyekabidhi hana tena mamlaka ya kusaini. Hati yenyewe inapotaka kuanza upya tangu mstari wa kwanza, hujikabidhi kwake yenyewe, na kiambishi -ji- kinamaliza maelezo yote.

Kuwasha, kukumbusha, kufufua na kukabidhi ni maneno ambayo mtoto wa darasa la saba anayajua. Msichana wa steshenari angeambiwa, "Dada, zima huduma ya uchapishaji, kisha iwashe," pengine angeuliza afanyeje, lakini asingezima kompyuta nzima.

5.0 Mzizi mmoja na kauli zake

Wanafunzi wa isimu hujifunza mnyambuliko wa vitenzi katika muhula wa kwanza, na mara nyingi huuacha hukohuko. Eneo linalojadiliwa hapa linaonyesha kuwa mnyambuliko ni chombo cha kazi cha muunda istilahi.

Mchakato unapokoma, huacha nyuma namba inayoeleza ulivyokoma, ambayo inaweza kuitwa namba ya hatima. Sifuri maana yake umemaliza salama. Namba ndogo isiyo sifuri maana yake umeshindwa na umesema hivyo wenyewe. Ikiwa mchakato umekatishwa na ishara kutoka nje, ganda la kawaida kama Bash hutoa namba ya ishara ikiwa imejumlishwa na 128. Hivyo 143 ni ishara namba 15, na 137 ni ishara namba 9. Hati inayojua kusoma namba hizi hufanya uamuzi wa busara: iliyomaliza iachwe, iliyoshindwa ifufuliwe, na iliyokatishwa kwa makusudi na mwendeshaji isifufuliwe kinyume cha matakwa yake.

Tofauti hiyo imekwisha kuwamo katika sarufi ya Kiswahili. Programu "imezimwa" inapokuwa na mtenda, na kauli ya kutendwa inaruhusu aulizwe: imezimwa na nani? Programu "imezimika" pasipokuwa na mtenda anayetajwa, na kauli ya kutendeka inaelekeza macho kwenye hali yenyewe. Fundi anayeandika katika daftari la kazi kwamba huduma ilizimika saa nane anamwalika msomaji atafute sababu. Akiandika kwamba ilizimwa, anamwalika atafute mtu. Daftari moja likichanganya maneno hayo mawili, uchunguzi wa wiki nzima unaweza kwenda njia isiyo yake.

Kuna pia hali ya tatu, nayo ndiyo iliyotokea Mlandege. Huduma haikuwa imezimika. Mchakato ulikuwapo katika orodha, namba yake ilikuwapo, ila haukujibu. Watumiaji wa Kiswahili hawakungoja kamati yoyote: wanasema kompyuta imeganda. Neno hili ni la kitaalamu kwa kila kipimo kinachostahili. Linaeleza kuwa kitu kipo, hakijavunjika, ila hakisogei. Linaeleza pia kwa nini hati ya yule kijana haikusaidia: hati hiyo hufufua kilichokufa, na kilichoganda hakijafa. Kwa huduma iliyoganda, hati inapaswa kwanza kuitambua, kisha kuizima, ndipo iiwashe. Tofauti kati ya kuzimika na kuganda inatenganisha hati inayofanya kazi na hati inayolala kazini.

Kauli ya kutendesha nayo ina nafasi yake. Amri iitwayo kill ina jina la kutisha kuliko matendo yake mengi. Kwa kawaida hupeleka ishara namba 15, ambayo inaiambia programu imalize inachofanya, ihifadhi kazi na kufunga. Programu inaweza kuipokea ishara hiyo na kujiandaa, au hata kuipuuza. Ishara namba 9 ni kitu kingine kabisa: programu haiwezi kuizuia wala haipewi nafasi ya kusema lolote. Kuyaita matendo haya mawili kwa jina moja la kuua ni kumfundisha mwanafunzi ukatili pasipohitajika. Kwa ishara ya 15 linapendekezwa neno kufungisha, katika maana ileile ambayo shehe au padri hufungisha ndoa. Yeye haoi wala haolewi. Anawawezesha wenyewe kufunga. Kuua kubaki kwa ishara ya 9, na mwanafunzi aambiwe kuwa mtu hufungisha kwanza, husubiri, na huua pale tu inaposhindikana.

6.0 Mzazi, yatima na mfu asiyezikwa

Mchakato unaoanzisha mwingine huitwa mzazi, na ulioanzishwa huitwa mtoto. Sitiari hii imetoka kwa Wamarekani waliobuni Unix, lakini ilipofika katika Kiswahili ilikuta nyumba iliyojaa. Mzazi akikoma kabla ya mtoto, mtoto ni yatima, na kwa desturi mchakato namba 1 humchukua na kumlea. Kwa mchakato huo neno mlezi linajitokeza lenyewe.

Hatari iko mahali ambapo sitiari za jamii mbili hukaribiana bila kulingana. Mtoto aliyekoma hubaki katika orodha mpaka mzazi asome namba yake ya hatima. Mzazi asipoisoma, jina la mtoto huendelea kuonekana. Kwa Kiingereza hali hii imeazima jina la maiti itembeayo, na mfasiri mwenye haraka wa Tanzania atakimbilia neno msukule. Neno hilo lingevutia, lakini lingepotosha. Msukule katika masimulizi ya Tanzania ni mtu anayedhaniwa amekufa kumbe anatumikishwa na aliyemficha. Mchakato unaozungumziwa hapa ni kinyume chake: umekufa kweli, haufanyi kazi yoyote, hautumii kumbukumbu ya kuendeshea programu, na hakuna anayeutumikisha. Kilichobaki ni jina na namba. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba huo ni msukule atahangaika kuuua ili uache kula nguvu za mashine, naye ataona kuwa hata ishara namba 9 haifui dafu, kwa sababu mfu hauawi mara ya pili.

Jina lenye kuongoza ni mfu asiyezikwa. Linamwonyesha mwanafunzi mahali pa kuangalia: anayepaswa kuzika ni mzazi. Hati iliyoandikwa vizuri inatumia amri ya kusubiri, iitwayo wait, ambayo humfanya mzazi amngoje mtoto, asome namba yake na kumzika. Mzazi mzembe akikoma, watoto wake wasiozikwa huhamia kwa mlezi, naye huwazika. Kwa neno hili moja, dawa ya tatizo imo ndani ya jina la tatizo, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya istilahi nzuri.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba amri zenyewe ni za Kiingereza, na hivyo maelezo ya Kiswahili ni mapambo tu. Jibu ni kwamba hakuna anayependekeza kutafsiri amri. Sheria za kandanda ziliandikwa Uingereza, lakini mtangazaji wa Kiswahili anasema mshambuliaji ameotea, na msikilizaji aliye shambani Kilolo anaona alipokuwa amesimama. Fundi wa magari ana gia, klachi na breki, yote maneno ya kukopa, lakini anawasha, anazima, anakaza na kulegeza kwa vitenzi vya Kiswahili. Ufundi wa magari umepita kwa mafundi wasiojua Kiingereza kwa sababu majina ya vitu yalikopwa na matendo yakabaki katika lugha ya mafundi. Kompyuta haina sababu ya kufuata njia nyingine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kiswahili kimekopa vitenzi tangu zamani, na kutoka Kiarabu kimepata kusafiri, kufikiri na kujibu. Kama vitenzi hivyo vimekubalika, kwa nini kurestati kukataliwe? Ni kweli kwamba kukopa si dhambi. Hata hivyo, vitenzi vile viliingia katika mnyambuliko vikazaa: safirisha, fikirisha, jibizana. Vilileta maana na kuiongeza. Kitenzi kinachojadiliwa hapa, mpaka sasa, kinatumika kwa umbo lilelile kwa matendo manne, na kimeyasukuma pembeni maneno manne yaliyokuwa tayari. Kwa hiyo hoja ya makala haya haihusu usafi wa lugha. Inahusu upotevu wa maana, na upotevu huo hupimika kwa kazi za watu zilizopotea.

Pingamizi la tatu ni la watendaji: wanafunzi wanafundishwa somo hili kwa Kiingereza katika vyuo vikuu, na ajira zao zitawataka wajue Kiingereza. Yote ni kweli. Lakini mwanafunzi huyo akishahitimu atakaa baina ya mashine na watu, na watu hao wanazungumza Kiswahili. Mwongozo unaobandikwa ukutani, maelezo yanayotolewa kwa simu, na ujumbe unaoandikwa na hati yake inaposhindwa, vyote vitasomwa na mtu kama yule msichana. Elimu isiyoweza kuvuka kutoka kwa mhitimu hadi kwa mtumiaji imeishia njiani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa neno moja la kukopa limefunika matendo manne, kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kuyatenganisha, na kwamba kauli za kutendwa, kutendeka na kutendesha hubeba tofauti ambazo mashine yenyewe huzieleza kwa namba. Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na hoja hiyo.

Kwanza, kamati za istilahi zianze na matendo badala ya orodha za majina. Kiongozi cha uundaji wa istilahi kilichoandikwa na Tumbo-Masabo na Mwansoko na kuchapishwa na TUKI mwaka 1992 kiliwapa wanaistilahi msingi wa kazi yao. Sasa msingi huo uongezewe utaratibu wa kuchukua kazi nzima, kama vile kulinda huduma kwa hati ya amri, na kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya kuteua neno lolote.

Pili, wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili wapelekwe kwa mafundi. Wapo wanafunzi wa isimu katika vyuo vya Iringa wanaosafiri mbali kutafuta data, ilhali mafundi simu, mafundi magari na wenye steshenari wa Mlandege wanazalisha vitenzi kila siku mbele ya macho yao. Kuganda hakukutoka katika kamati. Huenda yako mengine kumi ya namna hiyo yasiyoandikwa na mtu.

Tatu, na hili linawahusu wanazuoni wenyewe, miradi ya istilahi isifufuliwe bila kusoma namba ya hatima ya iliyotangulia. Hati inayofufua programu kila inapokufa, pasipo kuuliza imekufa kwa nini, huonekana kuwa na bidii, lakini kwa hakika huficha ugonjwa. Orodha za maneno ya kompyuta zimeandaliwa zaidi ya mara moja, na zaidi ya mara moja zimeanza na kile kile: jina la mashine, jina la faili, jina la dirisha. Anayekusudia kuanza tena aulize kwanza lipi katika maneno ya awali lilishika, lipi lilikufa, na lilizimwa na nani au lilizimika lenyewe. Akishapata jibu, ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyobaki haihitaji kuanzishwa upya. Inahitaji kukumbushwa.